Mpira Unaoungua

Jumatatu, 3 Machi

Leo mvinyo mwekundu mtupu, wa mtindo wa Bordo, kule Ufaransa. Kazi tamu! Glasi ya kwanza ilinisuuza roho: zambarau mbivu, penseli iliyochongwa sasa hivi, halafu ule ukakasi wa kukamata fizi taratibu bila kukwaruza. Nikautema kwenye ndoo, kama kazi inavyotaka, shingo upande. Glasi iliyofuata – harufu ya mpira unaoungua. Nikamwambia Twiga, mwonjaji mwenzangu. Akanusa, akanusa tena, akasema yeye hasikii kitu, labda kizibo kimeoza. Tukafungua chupa nyingine. Mpira vilevile. Bosi hakubishana, pua yangu anaiamini kuliko macho yake. Shehena nzima imekataliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpira uko kwenye chai. Uko kwenye mto wa kulalia. Unakuja, unakaa kidogo, unaondoka, na tumbo linapanda kama niko kwenye lifti.

Baba watoto anasema asubuhi aliniita mezani, nikamkodolea macho tu, mdomo unacheza kama nina mvinyo ndani. Alicheka. Eti siku hizi naonja hata hewa. Nikacheka naye.

Sikumbuki kuitwa.

Jumanne, 11 Machi

Wanunuzi wa mahoteli walikuja. Kitambaa cheupe, glasi zinameta. Nilikuwa nawaeleza jinsi ya kuzungusha glasi ili harufu ifunguke – nakumbuka mpaka hapo. Kinachofuata, mvinyo umemwagika mezani na Twiga amenishika kiwiko. Wageni wametulia tuli, kalamu mkononi. Walidhani naonja! Mmoja alikuja kunipongeza, hajawahi kumwona mtu akizama kwenye glasi namna ile.

Twiga alinivuta stoo. Alinong'ona ingawa tulikuwa peke yetu.

"Dada, ile shehena haikuwa na kasoro. Nimerudi kuionja. Nenda hospitali."

Nimemwomba asimwambie Bosi. Amekubali, lakini hakunitazama.

Jumatano, 12 Machi

Sijaenda. Nimeosha glasi kutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani nimeaga kwamba nawahi stoo kupokea mzigo. Daktari aliuliza machache tu – harufu, tumbo, mdomo – kisha akaweka kalamu chini, akasema harufu ya namna hiyo huweza kutoka ubongoni, nipigwe picha ya kichwa leo leo. Nikalazwa ndani ya lile dude linalogonga. Ili nisiogope nikawa najikumbusha mvinyo mzuri niliowahi kuonja. Majina yalikuja. Harufu zake zikanigomea.

Sasa niko kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Mpiga picha, aliyenitania wakati naingia kwamba nisije nikakoroma humo ndani, ametoka na sauti nyingine.

"Mama, umekuja na nani?"

Nikamwambia peke yangu.

"Basi mpigie mtu aje."

Nilipouliza kuna nini, alisema daktari atanieleza. Akabaki amesimama pale, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akarudi ndani na kufunga mlango polepole mno.

Nimempigia baba watoto. Akauliza mbona stoo leo kimya hivyo. Nikamwambia niliko. Nilisikia tu kiti kikianguka huko aliko, na mlango.

Daktari anakuja kwenye korido. Amebeba kiti chake mwenyewe. Anakiweka mbele yangu, karibu kabisa –