Sahani ya Mama Haitakaa Tena Kwangu

Mtaa wa Mkunazini,
Mji Mkongwe,
Zanzibar.
Jumatano, 3 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Badriya,

Shikamoo dada, na Assalaam alaykum. Hali yako na ya shemeji Zahran? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Joto la Maskati nasikia mwaka huu limepita kiasi, jihadhari na jua la mchana. Sisi huku wazima, Alhamdulillah. Neno hilo "wazima" nimeliandika kwa mazoea tu, kwani si kweli.

Najua utacheka: Lamya na barua, simu anayo mkononi. Lakini kwenye kundi letu la ukoo kila siku kuna mtoto wa mtu aliyefaulu, na chini yake mikono ya makofi chungu nzima. Haya yangu nitayaweka wapi pale? Kwa simu nimejaribu mara mbili. Uliniuliza, "Reem hajambo?" nikakujibu hajambo, anasoma. Nilikudanganya, nisamehe. Jirani yetu Abdulwahid anarudi huko kazini Ijumaa na amekubali kukuchukulia barua hii na kifurushi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Unajua Reem mwaka huu ana mtihani wa taifa. Miaka kumi na moja, na miguu yake imeshafika kwenye viatu vyangu. Skuli zilipofungwa nilipanga ratiba, nikaibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Asubuhi baada ya sala, Hisabati. Kisha tuisheni kwa Mwalimu Bashira, hapo Malindi. Mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri Sayansi, baada ya magharibi Kiingereza. Mapumziko nilimpa dakika kumi na tano, akishakula, na nikajiona mama mwenye huruma.

Kila likizo watoto walikuwa wakienda Kizimkazi kwa bibi yao, Bi Salhiya, mama yake Salem. Walikuwa wakirudi wamepiga weusi kwa jua, mchanga umejaa vichwani, hawakumbuki hata daftari liko wapi. Safari hii nilikataa. Bi Salhiya akapiga simu mwenyewe. "Nileteeni mjukuu wangu japo siku tatu, hicho kitabu hakina miguu, hakikimbii." Nikamjibu kwa adabu kuwa Reem atakwenda Disemba, mtihani ukishapita. Salem naye akaniambia mtoto anapungua. Nikamwambia yeye ashughulike na ukarani wake wa Tunguu na mihuri yake, masomo ya mtoto aniachie mimi.

Wewe peke yako ndiye unayejua kwa nini. Mwaka wako majina ya waliofaulu yalipobandikwa skuli, lako lilikuwapo. Mwaka wangu niliyasoma juu mpaka chini mara tatu, langu sikuliona. Baba hakunigombeza. Alikula, akanawa, akatoka. Nimeolewa, nimezaa, nina miaka thelathini na tisa, na bado namwona anavyonawa mikono siku ile. Nikamtwika mwanangu mzigo huo bila hata kumwambia ni wa nani.

Alikuwa anakwama kwenye maumbo: eneo, mzingo, pembetatu. Kila jaribio la Mwalimu Bashira anarudi na alama hamsini na kitu, nami namwambia arudie. Akaanza kujing'oa nyusi, unywele mmoja mmoja, huku anasoma. Nikidhani mchezo. Nikimwita kutoka jikoni anaitika "Naam", na macho yapo palepale kwenye kitabu.

Basi baada ya Idi nikafanya alivyokuwa akifanya mama. Nikaitoa ile sahani yake nyeupe yenye ukingo wa kijani, nikaipeleka kwa Maalim Shaame. Akaandika aya kwa zafarani, nikairudisha nyumbani nimeifunika kwa mtandio, nikayaosha maandishi kwa maji ya marashi, Reem akanywa kombe lake kwa Bismillahi kama tulivyokuwa tukinywa mimi na wewe kila karibu na mtihani. Akaniuliza, "Mama, sasa ndiyo yanaingia?" Nikamwambia yanaingia, akili inafunguka. Maalim alikuwa ameniusia nimweleze mtoto kuwa kombe ni dua, na dua haimzuii mtu kusoma wala kulala. Hilo la kulala sikumfikishia.

Alhamisi iliyopita, alasiri, nilikuwa jikoni nachoma mkate wa kumimina. Inaya, huyu mdogo wangu wa miaka sita, akaja akanivuta nguo.

"Mama, Dada Reem kanywa hesabu."

Badriya, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, sikugeuza hata shingo. Nikamwambia, "Haya, kamwambie anywe na Sayansi." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na sijui nitayaweka wapi mpaka nakufa.

Nilipokwenda kumtazama, midomo yake ilikuwa ya buluu. Sahani ya mama ipo mezani, imelowa. Alichukua chupa ya wino wa muhuri wa baba yake, akachovya kijiti cha kusafishia masikio, akaijaza sahani nzima kanuni za maumbo kwa ile hati yake nzuri. Kisha akaziosha kwa maji na marashi yangu, akanywa mpaka tone la mwisho. Alianza kutapika tukiwa ngazini. Bi Shamshad, yule wa duka la vitambaa hapo chini, aliwaacha wateja wake wamesimama, akatukimbiza hospitali kwa gari yake, na njia nzima alikuwa akimfuta Reem mdomo kwa dupatta lake jeupe la kujitandia. Lile dupatta halitakatiki tena, na hataki nimnunulie jingine.

Daktari alisema wino haukuwa mwingi, tumshukuru Mungu. Tulilazwa siku moja. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda na viatu vya jikoni, kimoja kina unga. Nikamuuliza mwanangu kwa nini. Hakulia. Alinieleza taratibu tu, kama anayeonyesha njia ya hesabu.

"Nlitaka yaingie yote mara moja, mama, halafu nilale."

Tuliporudi nyumbani niliichana ratiba. Vitabu nikavifungia kabatini. Nikamkalisha kitandani, nikamwambia, "Mwanangu, basi. Pumzika."

Akaniuliza, "Mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia hakuna saa. Akanitazama kama ninayemtega, dada, mimi mama yake. Tangu siku hiyo anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anangoja aitwe. Hachezi. Hagombani hata na Inaya, na mimi zile kelele zao zilizokuwa zikinipasua kichwa leo nazitamani.

Juzi Salem alituchukua Mbweni, ufukweni. Inaya alichimba shimo akaingia mpaka kiunoni. Reem alichora pembetatu mchangani, akaipima kwa shibiri, akaifuta kwa kisigino, akachora nyingine. Salem aliinuka akaenda kusimama mbali, akatupa mgongo. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenigombeza, maana ukimya huo naujua tangu zamani.

Bi Salhiya sasa anasema tumpeleke leo leo, na mimi namwomba mtoto aende, na mtoto hataki. "Nkenda n'tasahau," anasema. Alipotaka nilimzuia, sasa namruhusu hataki. Skuli zinafunguliwa wiki ijayo. Mwalimu Bashira ameniletea ujumbe kuwa Reem amekosa vipindi vinne, atabidi afidie. Ujumbe nimeufuta.

Sijui la kufanya, na sina haya kukwambia wewe. Usiniambie nisubiri, kila mtu hapa ananiambia nisubiri. Vile vitabu vya mazoezi ulivyosema utaniletea usivilete. Kama unaweza kuja, hata kwa wiki moja, njoo. Wewe ulifaulu ile mitihani yote, pengine ukimwambia wewe kuwa inatosha ataamini. Mimi haniamini tena, na namwona ana haki.

Kwenye kifurushi kuna bizari na pilipili manga uliyoagiza, na katikati, ndani ya mtandio wangu, sahani ya mama. Nimeisugua kwa ndimu, nimeisugua kwa majivu, lakini imepasuka nyufa ndogo ndogo kwa uzee na wino umekaa humo ndani. Ukiinua kwenye mwanga utasoma: nusu ya kitako mara kimo. Kuivunja siwezi, ni ya mama. Kuwa nayo humu ndani siwezi vilevile. Iweke juu ya kabati lako, mahali ambapo mtoto hafiki.

Nisalimie sana shemeji Zahran, na umbusu mwanao Badar mikono yote miwili, umwambie khalati yake anamkumbuka. Akilala mchana, dada, mwache alale. Salem anakusalimu, Bi Salhiya anakusalimu, na Bi Shamshad anauliza lini utakuja kuonja tena chatini yake. Mwenyezi Mungu awahifadhini, awape afya, na usingizi wa watoto wenu asiuondoe.

Reem amekuja kusimama nyuma yangu sasa hivi. Nimezikunja karatasi, ameona ile ya kwanza kwa juu tu. Ananiambia, "Mama, kwenye anwani hujatia S.L.P., utakatwa alama." Nimempa kalamu aandike salamu zake kwa mama yake mkubwa hapa chini, mistari miwili tu, anachotaka mwenyewe. Ameniuliza zina alama ngapi. Nimemwambia hazina alama.

Amenirudishia kalamu. Nafasi yake nimeiacha.




Mdogo wako akupendaye, aliyekuhitaji sana wiki hii,

Lamya