Viatu vya Kaka Pascal Vinarudi Bukavu

Maman mpendwa,

Salamu kutoka Lwiro. Sisi ni wazima, na mvua inatutembelea kila mchana. Ulinipa viatu vya ofisi vya kaka Pascal, ili akishindwa kulima avivae turudi wote nyumbani. Jana nilidhani saa imefika. Jirani yake, Maman Furaha, alipita shambani akacheka mpaka akakaa chini.

"Weye mutoto wa Bukavu! Mihogo yote umepanda kichwa chini! Na ile diplome yako?"

Kumbe kaka alikuwa amechomeka kila kijiti cha muhogo juu chini. Niliogopa atanyamaza, kama alivyonyamaza siku zile vita vilipofunga ofisi yao. Lakini alicheka kumshinda Maman Furaha.

"Basi unifundishe, Maman. Niko mwanafunzi wako."

Tuling'oa vyote, tukapanda upya sisi watatu. Jioni kaka alikula bugali na vile visamaki vya sambaza ulivyotufungia, akaongeza sahani ya pili.

Viatu ninarudi navyo. Anasema umpe tonton, ndugu yako, na yeye umtumie mbegu za maharagwe. Nakukumbatia sana, Maman. Usilie ukiviona.

Binti yako,
Aline