Udongo wa Nyuma ya Jiko

Ujiji, Septemba 1913

Kwako mdogo wangu Batuli,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, ila goti langu. Je, wewe hujambo?

Nasikia umerudi Rumonge kwenye shamba la baba bila idhini yangu, mara tu serikali ya Wadachi ilipofungua tena pwani ya ziwa. Usipande kitu. Shamba lililolala tangu tulipohamishwa kwa ajili ya malale si lile ulilolijua. Palipoota nyasi, mizizi na majani yaliyooza yameulisha udongo. Palipobaki wazi, jua na mvua vimeupiga mpaka ukafanya gamba, na maji hayaingii. Mwaga kata ya maji hapa na pale, utazame, uniandikie. Shemeji Bakari atakuja kulima.

Kaka yako, Asmani

Rumonge, Oktoba 1913

Kaka,

Amahoro. Mimi mzima. Habari za goti nimezisikia.

Idhini yako ingenikuta nimekufa njaa. Maji nimemwaga. Kule mbele yalikaa juu kama mkwe anayengoja chakula. Kwenye nyasi yalizama polepole. Nyuma ya jiko yalinywewa papo hapo. Bakari akija, alime mbele. Nyuma ya jiko hapaguswi.

Mdogo wako, Batuli

Ujiji, Oktoba 1913

Batuli,

Salamu. Goti halijapona, ahsante kwa kutouliza.

Umejijibu mwenyewe. Nyuma ya jiko mama alimwaga majivu na maganda ya ndizi miaka yote, na udongo ulioshiba hivyo hauchoki upesi hata ukiachwa. Gamba la mbele linataka samadi na misimu kadhaa. Kumpeleka Bakari huko, wewe ukakalia pazuri, ni uchoyo, nami nakufahamu: tangu utotoni ulikuwa ukificha samaki chini ya ugali. Mkubwa ni mimi. Bakari ataanzia nyuma ya jiko, achimbe kina cha mkono, apande muhogo.

Kaka yako, Asmani

Rumonge, Novemba 1913

Kaka,

Goti lako sitaliuliza.

Unaeleza vizuri. Sasa nami nikueleze. Ulipotangulia Ujiji uliambiwa kwamba mwanangu Zena alichukuliwa kambi ya wagonjwa, akafia huko. Sikumtoa. Walioingia kambini hatukuwaona tena, basi askari walipopita nilimficha jikoni, nikasema sina mgonjwa. Alifia mikononi mwangu. Nikamchimbia kaburi mwenyewe kwa jembe la mama, bila jiwe wala alama, wasije wakaona. Udongo uliokwisha kuchimbwa hunywa maji, kaka. Hilo halikutaka chuo.

Bakari alikuja jana na barua yako mfukoni. Alikuwa ameshainua jembe nilipomwambia. Akaliweka chini, akasoma Fatiha. Leo yuko kule mbele anavunja gamba, nami nambebea samadi.

Mwanangu ulimletea jembe. Usiniandikie tena habari za udongo.

Batuli

Ujiji, Desemba 1913

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa Zena.

Ungeniambia. Miaka yote hii nimemwombea akiwa mahali asipokuwapo.

Bakari abaki mbele. Mtumbwi unaoleta barua hii una mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Jina nimelichonga mwenyewe. Ukikataa kuyapokea, yatupe ziwani.

Kaka yako