Kwa Dada Zuwena, kuhusu mwaka wa mabango

Dada yangu Zuwena,

Salamu za dua zikufikie huko uliko, maana salamu za dunia hazina tena njia ya kupita. Mie mzima. Nakuandikia nikiwa bado Kampala, sanduku liko wazi kitandani na nguo zangu nusu zimo, nusu haziko. Jana walimu walimaliza kuzitazama kazi zangu za mwaka wa mwisho na wakanipa mkono wa pongezi. Nimemaliza, Dada. Wenzangu wametoka kwenda kufurahi. Mie nimebaki, kwa sababu mtu niliyetaka asikie kabla ya wote ni wewe.

Unakumbuka nilivyorudi ile likizo ndefu, Idi imekwisha kupita, nchi imekaa baina ya uchaguzi mmoja na mwengine? Nilishuka Wete, kwetu Pemba, na bahasha ya chuo mfukoni. Ulinipokea mlangoni, ukanitazama uso, hukuuliza habari ya safari. Ulisema, "Saidi, kuna nini?"

Nikakwambia. Walimu wa usanifu walinikalisha na kuniambia nina mkono mzuri lakini sina mpango. Kila kazi naianza kwa moto, naiacha katikati, naikimbilia siku ya mwisho. Nimepewa likizo hiyo tu. Nirudi na kiti cha mtoto wa skuli, kitambaa kilichochapwa kwa kibao nilichokichonga mwenyewe, jalada la kitabu cha kusomea, na maelezo ya kila kazi tangu wazo la mwanzo. Nikikosa hata kimoja, nafasi yangu imekwenda, na msaada wa serikali umekwenda nayo.

Hukunigombeza. Ulichukua kipande cha chaki cha binti yako Time, ukaufunga mlango wa kile chumba cha nyuma, ukaanza kuandika juu ya mbao zake. Ulianzia mwisho: siku ya meli ya kunirudisha chuoni. Kisha ukawa unanirudisha nyuma kwa maswali. "Maelezo yanataka muda gani? Basi jalada limalizike kabla. Na rangi hukauka lini kwa mvua hizi? Basi kitambaa kisingoje siku ya mwisho." Nilikuwa nimekaa chuo kizima sijaiona kazi yangu namna ile, imepangika tangu kesho yake mpaka meli.

Nyumba ilikuwa ya mumeo, shemeji Masoud, na meza ya chumba kile ilikuwa yake. Mie na wewe hatukuwa na wazazi tena. Kwako ndiko kwetu. Masoud alikuwa karani bandarini, mtu mpole, anayemnunulia Time halua kila Ijumaa. Lakini mwaka ule ulikuwa hauachi mtu mpole. Watu waliokuwa wakila sinia moja hawaamkiani. Mtu alikuwa akiulizwa duka analonunulia sukari kabla ya kuulizwa hali yake. Na Masoud alikuwa katibu wa tawi la chama chake.

Mwanzo alisema kwa utani, mezani. "Shemeji, tumepata fundi wetu. Mabango yote ya Wete utatuchorea wewe."

Ukamjibu wewe kabla yangu. "Akimaliza kazi zake, Baba Time. Si kabla."

"Uchaguzi haungoji."

"Na meli haingoji."

Alicheka. Lakini nilimwona namna alivyokiweka kikombe chini, taratibu mno.

Wiki zile za masika, Dada, mpaka leo nikisikia mvua juu ya bati, huzikimbilia karatasi zangu. Karatasi zilikuwa zikinywa unyevu na wino ukitanda. Ulikuwa unawasha pasi ya mkaa, unanikaushia karatasi moja moja juu ya shuka, halafu unatoka kwenda kupika. Nje kwenye baraza nasikia sauti za watu wa tawi. Mwanzo zilikuwa za mazungumzo. Zikawa za kunong'ona. Siku moja nilimsikia mmoja anamwambia Masoud, "Kama shemejio hataki kutuchorea, basi anawachorea wale." Masoud alipoingia ndani hakuniamkia.

Nilikufuata jikoni. "Dada, niache nichore. Siku chache tu, yaishe."

Ulikuwa unakuna nazi. Hukunyanyua kichwa. "Leo bango, kesho bendera, keshokutwa kibao cha ofisi ya tawi. Halafu weye utamwambia nani kwamba hukumaliza? Mie naijua tabia yako, Saidi. Ukiutoa nkono kwenye kazi, huurudishi."

"Lakini ni mumeo."

"Ndiyo. Kwa hiyo niachie mie."

Siku ile walikuja baada ya sala ya alasiri. Masoud mbele, watu wawili wa tawi nyuma yake, wamebeba jora la kitambaa cheupe na makopo ya rangi. Sikupata hata nafasi ya kusimama. Masoud alikisogeza kiti changu cha mfano kwa mguu, akazikusanya karatasi zangu upande mmoja, akatandaza kitambaa juu ya meza. Jalada langu lilikuwa bado bichi. Nililiona linakunjika chini ya jora.

"Anza," aliniambia. Sauti yake haikuwa yake.

Ukaingia. Ulikuwa na buibui begani, umetoka kwa jirani. Uliyatazama makopo, ukanitazama mie, ukayachukua mawili mawili ukayatoa nje, ukayapanga barazani. Ukarudi, ukakikunja kitambaa kama unavyokunja nguo za watoto, ukampa mmoja wa wale wageni mkononi. Ulisema kwa adabu kabisa, "Samahanini, ndugu zangu. Mtoto huyu yumo kwenye mtihani."

Hakuna aliyecheka. Masoud alikuwa ameganda, uso umemwiva. Najua sasa kwamba alikuwa amekwisha kuwaahidi wenzake, na kwamba mbele yao alikuwa hana pa kurudi. Alisema, "Zuwena, nyumba hino ni yangu. Ama meza hii ifanye kazi yangu, ama utoke na nduguyo."

"Baba Time, usiseme hivyo mbele ya watu."

"Nimesema."

"Basi nitatoka nae."

Akakupa talaka moja pale pale, mbele yetu sote. Wale watu wawili walitazama chini. Mmoja alisema, "Astaghfirullah, Masoud," akatoka na kitambaa chake kwenye mvua. Wewe ulishika mwimo wa mlango. Nilidhani utaanguka, nikakukimbilia. Ukaniambia, kwa sauti ya chini, ili Masoud asisikie, "Kusanya karatasi. Anza na zilizo bichi."

Asubuhi yake tulipanda gari la mizigo mpaka Micheweni, kwa shangazi Mwanakombo. Time alibaki kwa baba yake, na njia nzima hukutazama nyuma. Kwa shangazi hakukuwa na meza. Shangazi aliung'oa mlango wa banda la mbuzi, akauosha, tukaulaza juu ya masanduku. Ule mpango wa chaki uliobaki mlangoni Wete ulikuwa umeubeba wote kichwani. Kila asubuhi ulinitajia kazi ya siku ile, ukaenda zako shambani na shangazi. Ulikuwa kwenye edda, ile miezi ya kungoja baada ya talaka, umepokonywa mtoto, na unanikumbusha habari ya gundi.

Tuligombana mara moja tu, juu ya kiti. Watoto wa jirani walikikalia na mguu ukalegea. Nikaurekebisha, ukalegea tena. Nikataka kukivunja chote nianze upya.

"Wiki ya kiti imekwisha," ulisema.

"Siwezi kupeleka kiti kibovu!"

"Na huwezi kupeleka kiti kizuri peke yake. Kitambaa hujakigusa. Ondoka hapo."

"Wewe hujui kazi hii, Dada!"

"Siijui. Najua umeniomba nikupangie, na nimetoka kwenye nyumba yangu kwa ajili ya mpango huo. Ondoka."

Niliondoka. Nikakichonga kile kibao cha kitambaa kwa hasira. Na katika maelezo yangu, kwa kuwa sikuwa na la kuficha, niliandika wazi kwamba kiti hakikukamilika, mguu unalegea kwa sababu hii na hii, na nikipata muda nitaufunga namna hii. Niliporudi chuoni, mwalimu aliyenionya aliyasoma yale maelezo mara mbili. Akaniambia, "Safari hii umejua wapi pa kusimama." Wakaniachia nafasi yangu. Nilikupelekea simu ya maandishi yenye neno moja, NIMEBAKI, na shangazi alinihadithia kwamba uliipokea, ukaisoma, ukaenda kulala mchana kutwa.

Edda yako ilipita bila ya Masoud kukurejea. Ulibaki Micheweni, ukawa unawasomesha wasichana wa jirani kusoma na kuandika, juu ya ule ule mlango wa banda. Time alikuwa akiletwa siku za likizo. Kila barua uliyoniandikia ilianza na swali: wiki hii umemaliza nini? Masika yaliyopita barua haikuja. Ilikuja simu. Homa, na siku chache tu. Nilifika Pemba wakati udongo wa kaburi lako umekwisha kushikana.

Hili sijawahi kukusimulia, ndiyo maana naandika. Siku ya hitma yako, kisomo cha kukuombea, Masoud alikuja. Alisubiri watu watoke, akaingia ukumbini kwa shangazi, akakaa chini karibu na mlango, wala hakupewa mkeka. Niliposimama nimwondoe, alisema, "Nioneshe zile kazi." Sikutaka. Shangazi akazileta, zile nilizokuletea chuo kiliponirudishia. Alilishika lile jalada lililokunjika, akawa analinyoosha na kiganja, analinyoosha, kana kwamba bado linaweza kunyooka.

"Mie sikumwacha kwa ajili ya bango," alisema. "Nilimwacha kwa aibu. Na aibu hiyo hiyo ikanizuia kumrejea. Kila siku nasema kesho. Alikuwa akinitaja?"

Ningeweza kumchoma. Nilikuwa na maneno yote tayari. Lakini nilikumbuka kwamba hukumtaja kwa ubaya hata siku moja, nikamwambia hivyo, kwa sababu ndio ukweli. Alilia, Dada, kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka shangazi akamletea maji.

Kisha akasema jambo alilokuja nalo. Time yuko skuli Wete, na kuna watu wa kwao wanaosema msichana akishajua kusoma Kurani na kuandika jina lake inatosha. Alijua kwamba nawe ulitolewa skuli hivyo hivyo, ukalilia daftari zako, na hukurudi tena. "Ukimaliza masomo, uje umchukue," aliniambia. "Akae nawe, asome mpaka pale atakapochoka mwenyewe. Mie sitamtoa, na sitamwachia mtu amtoe." Aliyasema mbele ya shangazi na mbele ya shehe wa hitma, aliyekuwa bado hajaondoka, akataka washuhudie.

Bado sijui kama nimemsamehe. Kuna siku nasema ndiyo, na kuna siku naisikia sauti yake ya alasiri ile, nikasema la. Na naogopa kurudi: nchi bado imekasirika, na naambiwa mabango ni mengi zaidi kuliko ule mwaka. Lakini nimekubali kazi ya kutengeneza vitabu vya skuli za msingi huko kwetu, na mkuu wa shughuli hiyo ameniuliza naweza kuanza lini. Nimemwambia anipe wiki moja kwanza, nina mtoto wa kumchukua Wete.

Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako, na atukutanishe kwenye kheri. Nafunga sanduku sasa.

Nduguyo wa tumbo moja,
Saidi