Dada wa Mama, Herufi Nane

Shoga, nimeumbuka. Simu bado ya moto mkononi.

Lile fumbo la maneno la gazetini. Jana waliuliza: "Dada wa mama, herufi nane." Leo wametoa jibu eti SHANGAZI. Shangazi! Dada wa mama!

Nikampigia mhariri, nikajitambulisha. Nikamwambia hata mtoto wa chekechea anajua shangazi ni dada wa baba.

Akanijibu: "Mwalimu, fumbo hili tumelirudia. Mwanzo tuliandika dada wa baba. Wewe ndiye uliyetuandikia barua tusahihishe. Ulisema umefundisha Kiswahili miaka thelathini."

Mimi?

Akanisomea. Barua yangu mwenyewe. Kurasa tatu, shoga. Kurasa TATU.

Nikamwambia samahani, nimekosea namba.

Akasema, "Hakuna shida, Mwalimu."