Chapa ya Adriano

Kizwite, Sumbawanga
12 Februari 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila mvua haitaki kupumzika. Masikio yako je? Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho ulinijibu salamu za mtu mwingine.

Mashine zetu za kupukuchulia mahindi zinagombewa. Tangu Baba afariki, karakana haijapata wateja wengi hivi, na mimi na mume wangu Isdori hatuwezi tena kuyeyusha chuma na kusubu kila kipande wenyewe. Eustaki, mfanyabiashara wa Tunduma, amepata kiwanda huko China. Watatusubia bodi na lile gurudumu zito la pembeni. Sisi tutafunga na kupaka rangi. Isdori hataki. Jana alirusha nyundo, ikapita karibu na sikio la Eustaki na kutoboa bati.

"Leo bati," akamwambia, "kesho fuvu."

Eustaki alicheka, lakini tangu hapo anakaa karibu na mlango.

Karani mmoja mjini anataka nikasajili chapa. Ya nini? Tutatumia ileile ambayo Baba Adriano aliwachomea ng'ombe wake, pembe mbili na mkuki katikati. Nani Ufipa haijui? Na anayegusa chapa ya mtu anajua atakachofanywa.

Unanishauri nini?

Mwanao,
Coleta

*

Kitwe
5 Machi 2023

Mwanangu Coleta,

Marahaba. Mimi nipo, magoti huamka yakilalamika kabla yangu. Barua yako ilifika ikinuka moshi wa karakana, nikaishikilia puani muda mrefu. Tangu mwaka wa sitini na nane sijauona ulezi ukichanua huko, na bado nikifumba macho najua upepo unatokea upande gani.

Unajua mgodini nilikuwa idara ya manunuzi, kazi yangu kuagiza vipuri ng'ambo. Basi nisikilize. Kipande kinachoweza kuua mtu kisitoke nyumbani. Wape bodi, gurudumu msubu wenyewe. Kalibu ya kumiminia chuma utakayoilipia iandikwe kuwa ni mali yako. Mkataba uwe wa lugha yao, na uwe ule ambao mahakama yao itaushika. Chapa isajiliwe hapo na kwao pia, kabla hawajaona hata picha yake. Babu yetu aliyeyusha chuma hadharani, tanuri refu kuliko nyumba, kijiji kizima kikimbebea mkaa. Lakini kikapu cha dawa ya kuivisha chuma kilichozikwa chini ya tanuri alikibeba mwenyewe.

Kuhusu hiyo chapa: nikiwa kijana nilimwona mwizi aliyechoma alama yake juu ya alama ya jirani. Walimkata vidole kwenye kisiki, mkewe akitazama. Kilichoilinda chapa ya baba yako ni hofu ile. Mtu wa ng'ambo ya bahari haogopi panga la Ufipa.

Baba yako mkubwa,
Gaudensi

*

Kizwite
20 Mei 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Mimi nimenenepa, wanasema ni raha.

Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Eustaki alikuwa ameondoka kwenda China na mashine nzima, chapa na kila kitu. Lakini usihofu. Mzigo wa kwanza umefika na chuma chake ni kizuri. Isdori alichukua gurudumu moja, akalilaza kwenye fuawe, akaligonga kwa nyundo kubwa mpaka jasho likamwingia machoni. Halikupasuka.

"Umeona sasa?" Eustaki akamwambia.

"Nimeliona hili. Ndugu zake sijawaona."

Mume wangu ndivyo alivyo. Hata kwenye harusi yetu alikagua miguu ya viti.

Mwanao,
Coleta

*

Kitwe
18 Julai 2023

Coleta mwanangu,

Natumaini mu wazima. Mbona kimya?

Jirani yangu amerudi kutoka Nakonde na mashine ya kupukuchulia, ya bei ya kutupa. Pembe mbili na mkuki. Niliposoma alama ile nilisimama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kisha nikaligonga gurudumu kwa kijiko. Halikulia. Lilijibu kama chungu chenye ufa.

Je, mliuza upande huu wa Zambia? Kama hamkuuza, basi kalibu yenu inafanya kazi nyuma ya mgongo wenu. Nenda redioni leo. Sema mashine mpya zote zisiwashwe. Jirani nimemnyang'anya mkanda wa mashine yake. Alinisukuma nikaanguka kwenye mfereji, lakini mkanda sikuuachia.

Baba yako mkubwa,
Gaudensi

*

Sumbawanga
2 Agosti 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Habari za hapa usiulize. Barua yako ilinikuta hospitali.

Katika kijiji kimoja mbele ya Laela, gurudumu lilipasuka likiwa kwenye mwendo. Kipande kilimpata Monika, mama aliyekuwa akikusanya magunzi. Kilimwondolea taya na nusu ya shingo. Wanasema alisimama kidogo, magunzi bado mikononi, ndipo akaanguka.

Ndugu zake walikuja lori zima, na mapanga. Hawakuuliza njia. Chapa iliwaleta. Kaka yake, Stanley, alikuwa amekifunga kile kipande kwenye kanga ya marehemu. Akakiweka juu ya fuawe yetu.

"Hii ya nani?"

"Chapa ni yetu," Isdori akasema. "Chuma si chetu. Angalia palipovunjika, kaka."

"Dada yangu naye angeangalia palipovunjika?"

"Nisikilize. Kina matundu ndani, chuma chetu hakina."

"Nionyeshe."

Na yeye, Baba Mkubwa, akaonyesha. Aliweka kidole kwenye tundu, kama anayemfundisha mwanafunzi. Panga likashuka. Kiganja kilibaki juu ya chapa. Nilimfunga mkono kwa mkanda wa mashine huku karakana, waliyoitia moto, ikiwaka nyuma yetu.

Mafundi wetu walimkamata Eustaki stendi, wakaniletea amefungwa kamba. "Mama, wewe sema tu," wakaniambia. Alikiri. Kiwanda kilisubu mashine nyingine kwa kalibu yetu, chuma cha takataka, kikamuuzia rahisi, naye akaziuza vijijini. "Kalibu ni moja," alilia, "nilijua ni zilezile!" Nilimvunja goti kwa nyundo ya Isdori. Nikapumzika, nikarudia. Yuko stoo ya jirani. Sijamaliza naye.

Coleta

*

Kitwe
5 Agosti 2023

Coleta. Barua yako dereva wa lori ameniletea leo. Ujumbe huu nautuma kwa simu ya jirani yule aliyenisukuma, barua haitawahi. Mfungue Eustaki. Ni yeye peke yake anayejua mashine zile zilikwenda vijiji gani, na wakati huu unaposoma zinazunguka, na kuna akina mama wamesimama pembeni. Akifa, wamekufa nao. Akutajie majina ya vijiji vyote uyaandike, kisha mpeleke polisi. Halafu nenda ukavunje kila gurudumu lenye alama yetu, hata mazuri, kwa sababu mkulima hawezi kuyatofautisha. Pole ya mkono wa mwanangu Isdori sina maneno yake. Baba yako mkubwa.

*

Kizwite
11 Desemba 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Isdori anakusalimu, anajifunza kupiga nyundo kwa kushoto na kutukana kwa Kifipa.

Nilimfungua. Alitaja vijiji vyote, kisha polisi wakamchukua akichechemea. Stanley naye yuko ndani. Nimezunguka na nyundo tangu Agosti. Kwingine walinipokea, kwingine walinirushia mawe. Nina kovu juu ya jicho. Kijiji cha mwisho, mzee mmoja alisimama mbele ya mashine yake na panga.

"Hii nimeinunua kwa mahindi ya mwaka mzima."

"Nitakusubia nyingine, baba."

"Maneno hayo. Inua nyundo nikukate."

Nilikuwa nimechoka. Niliweka nyundo chini, nikasimama pembeni ya gurudumu, kama alivyokuwa amesimama Monika, shingo yangu karibu na chuma.

"Basi washa. Kama unaiamini chapa, washa."

Alishika kamba ya injini. Mkewe alitoka jikoni. "Haya, mwanaume, vuta! Ukishamuua huyo utaniambia mimi nisimame wapi." Mzee alitazama gurudumu, akanitazama shingo. Akaiachia kamba. Kisha aliokota nyundo yangu, akapiga yeye. Lilipasuka kwa pigo moja.

Tukirudi kusubu, gurudumu halitoki nyumbani, na chapa mpya itasajiliwa kabla haijachorwa ukutani. Ile ya Baba, chuma chenyewe cha kuchomea ng'ombe, niliitia motoni. Isdori alishika koleo kwa kushoto, mimi nikaipondaponda mpaka ikawa bamba.

Ndama wawili wamezaliwa wiki hii, hatukuwachoma. Isdori anasema wataibiwa. Nimemwambia waache waibiwe.

Mwanao,
Coleta