Maziwa ya Mama Hanifa

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki hii zamu ni ya nyumba ya Mama Hanifa. Saa moja kasoro nimempeleka mwanangu Eli, matope hadi kwenye vifundo vya miguu yangu. Yaya mmoja, Akello, watoto wawili, nyumba mbili hapa hapa mtaani Kyebando: wiki kwangu, wiki kwake. Mpango niliubuni mimi na najisifu. Eli ana miezi mitano, Hanifa saba. Nimeacha chupa mbili za maziwa niliyokamua. Mwezi uliopita zilikuwa tatu. Nikakimbilia kazini Nakawa.

Alhamisi, 7 Agosti

Stoo ya kiwanda cha mikate, katikati ya magunia ya unga. Nimekamua nusu saa nzima. Matone. Msimamizi kagonga mlango mara mbili, mwanamume hana haya. Maziwa ya kopo Eli huyatapika yote, tumejaribu aina tatu. Lakini jioni nimemkuta ameshiba, anakoroma kama mzee. Akello ana mkono mzuri. Huyu simwachi.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba Hanifa, afande wa polisi, mtu wa Arua kule kaskazini, kanikuta getini kwake, kicheko tele. Eti sasa sisi ni ndugu. Eti Eli na Hanifa hawataoana kamwe, maana Eli amenyonya kwa mkewe zaidi ya mara tano, na kwa dini yao hapo ni kaka na dada. Alidhani najua! Nikacheka naye. Ndiyo, Afande. Mjinga mimi.

Mama Hanifa hakuwapo. Nikambana Akello. Wiki tatu sasa! Chupa zinaisha saa saba, mtoto analia, Mama Hanifa akirudi saa nane kutoka kwenye cherehani yake anampa ziwa, hata wiki ya zamu yangu akija kumchukua Hanifa. Mbona hukuniambia? "Nyabo, bibie, yeye alisema atakuambia mwenyewe. Na wewe kila siku unakuja na haraka."

Mtoto wangu. Nikamfokea Akello: na kama huyo mama ana ugonjwa? Nani amempima? Simpeleki tena. Wabaki na yaya wao.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimembeba Eli hadi kazini. Vumbi la unga, mashine zinanguruma, mtoto anapiga mayowe. Saa nne msimamizi kanirudisha nyumbani. Eti nikija naye tena, nisije kabisa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesema naumwa. Ananyonya, analia. Ananyonya, analia. Uji kautema.

Mchana Akello kaja na kadi ya kliniki ya Mama Hanifa. Vipimo vyote, vya juzi juzi pia. Mzima kabisa. Hakuna barua, hakuna neno. Nimeona aibu, kisha nikakasirika kwa kuona aibu.

Jumatano, 13 Agosti

Kliniki. Mizani inasema Eli amepungua. Siku tano tu! Muuguzi kaniuliza kama maziwa yanatoka. Nikamwambia yanatoka sana.

Mwongo mkubwa mimi. Basi niandike, hapa hasomi mtu: maziwa yangu yanakauka. Yalianza kukauka niliporudi kazini. Kila jioni namkuta mtoto ameshiba, na chupa mbili hazishibishi hata paka. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nane nimeenda kwa Mama Hanifa. Ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu. Nimemrudishia kadi yake. Akaanza kuniomba radhi, kwamba kila siku alijisemea, "kesho nitamwambia." Nikamwambia aache. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikamnyooshea Eli tu.

Akakaa mkekani, akampokea. Nikakaa ubavuni mwake. Hanifa alikuwa amelala, Akello anaosha nepi uani. Eli alinyonya hadi akatoka jasho puani. Nililia kidogo, sikujificha. Mama Hanifa akanisogezea kanga yake nijifute.

Tumekubaliana: kesho narudi kazini, Eli anabaki kwao mchana, na kila kitu naambiwa.

Nilimshika Eli mguu muda wote aliokuwa ananyonya. Hakugeuka kunitazama hata mara moja. Sawa. Ameshiba.